Hawakuogopa Kipya

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga walioacha msemo huo hawakuiona kompyuta, lakini walimjua binadamu: akiletewa kipya hukikimbilia, hukivaa, humwonyesha jirani, hata kama kinamuuma mwilini. Kwa hiyo mtu anaposimama na kusema kwamba mamilioni ya watu wamekikataa kitu kwa sababu tu ni kipya, ajue kuwa ameshindana na wahenga, na yampasa alete ushahidi mzito kuliko kicheko.

Neno hilo la dharau, kwamba watu wanaogopa mabadiliko, lilisemwa kwa wingi baada ya tarehe 30 Januari 2007, siku kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipoutoa kwa umma mfumo endeshi wake ulioitwa Windows Vista. Likasemwa tena mwaka 2012, Windows 8 ilipokiondoa kitufe cha kuanzia kilichokuwa pembeni mwa skrini tangu 1995, na kitufe chenyewe kikarudishwa mwaka uliofuata. Likasemwa tena juu ya Windows 11. Limekuwa kama kiitikio: kila utenzi mpya wa manung'uniko ukianza, wapo wanaoudaka wakaitikia kwamba watu hawapendi kujifunza. Kiitikio hicho ni cha uongo, na chanzo cha uongo wake ni hiyo Vista, kwani hapo ndipo mambo yalipofunuliwa kwa nyaraka na tarehe.

Kwa msomaji asiyeshughulika na mashine hizi, mfumo endeshi ni ile programu inayoamka kabla ya nyingine zote, ikazigawia nafasi, ikazipokea amri za mtumiaji na kuzipeleka kwenye vyuma. Ni uwanja wa ngoma. Hakuna anayekwenda kuusifu uwanja. Watu wamejia ngoma. Lakini uwanja ukiwa na mashimo hachezi mtu, wala hakuna mpiga ngoma hodari atakayeufukia kwa mapigo yake.

Uwanja uliotangulia uliitwa XP, na ulifunguliwa Oktoba 2001. Haukupendwa siku ya kwanza, na virusi viliuchezea sana katika miaka ya 2003 na 2004, hata kampuni ikalazimika kuusimamisha mradi wa mfumo uliofuata, mwaka 2004, na kuuanza karibu upya. Watu wakangoja. Miaka mitano na zaidi ni muda mrefu katika fani hii. Aliyenunua kompyuta yake ya kwanza mwaka 2001 alikuwa amekwisha kuizoea kama mfinyanzi anavyouzoea udongo wake. Hata hivyo, Vista ilipotangazwa, na madirisha yake yanayong'aa kama kioo, walioitamani walikuwa wengi. Foleni haikukosekana. Manung'uniko yalianza baadaye, watu walipofika nyumbani.

Walipofika nyumbani walikuta nini? Kwanza walikuta uzito. XP iliridhika, kwa uchache wake, na megabaiti 64 za kumbukumbu. Vista ilidai 512 kwa uchache, na gigabaiti nzima kwa yule aliyetaka hayo madirisha ya kioo aliyoonyeshwa kwenye matangazo. Pili walikuta vifaa vyao vimekufa ingawa ni vizima. Printa iliyochapa jana haikuchapa leo, kwa sababu Vista ilibadilisha namna inavyosemezana na vifaa, na watengenezaji wa vifaa hivyo hawakuwa wametayarisha programu mpya za kuviendesha, zile ziitwazo draiva. Mashine zikawa zinaanguka ovyo. Nyaraka zilizotolewa baadaye mahakamani zilionyesha kwamba katika kumbukumbu za maanguko ya mwaka 2007, zaidi ya robo yalitokana na draiva za kampuni moja tu ya kadi za picha, Nvidia. Tatu, hata kazi ya kitoto kama kunakili faili kutoka folda moja kwenda nyingine iliwachelewesha watu, mpaka yalipokuja marekebisho ya mwanzoni mwa 2008. Hapo pana woga gani? Anayelalamika kuwa mashua inavuja haogopi bahari.

Lakini kisa kilichostahili kuwashtua wapenzi wa maneno kuliko watu wengine wote ni kisa cha kibandiko. Tangu 2006, kabla Vista haijatoka, kompyuta zilizokuwa bado na XP ziliuzwa zikiwa na kibandiko kilichosema kuwa zina uwezo wa Vista. Uwezo! Neno hilo halina kipimo. Mtu mwenye mguu mmoja ana uwezo wa kucheza ngoma, na huenda akaicheza vizuri, lakini si kwa namna ile aliyoahidiwa mtazamaji. Mashine nyingi zenye kibandiko hicho ziliweza kuchukua toleo la chini kabisa la Vista, lisilo na madirisha ya kioo wala mengi ya yale yaliyopigiwa zumari. Wanunuzi wakaenda mahakamani Seattle mwaka 2007, na mwaka uliofuata barua pepe za ndani ya kampuni zikawekwa hadharani. Humo ilionekana kuwa masharti ya kibandiko yalilegezwa ili kipuri cha picha cha Intel kiitwacho 915, kisichoweza kuonyesha kioo hicho, nacho kipite. Na mmoja wa wakubwa wa kampuni alikiri katika barua kwamba ulegezaji huo ulikuwa wa kuisaidia Intel katika hesabu zake za robo mwaka. Makamu wa rais wa kampuni, Mike Nash, aliwaandikia wenziwe kwa uchungu kwamba kompyuta yake ya mkononi, ya zaidi ya dola 2,000, imegeuka kuwa mashine ya barua pepe tu.

Shauri lenyewe halikuwafikisha mbali waliolifungua. Februari 2009 jaji aliwaondolea haki ya kushitaki kwa pamoja. Hilo lisemwe kwa uadilifu. Lakini barua zimebaki, na katika barua hizo wanaonung'unika ni wenye nyumba. Anayedai kuwa wanung'unikaji walikuwa watu wa zamani, wasiojua kompyuta, aeleze vipi Makamu wa rais wa kampuni iliyoitengeneza alivyoingia katika kundi hilo.

Kuna na suala la idhini. Vista ilikuwa na tabia ya kuuliza. Mtumiaji akifungua programu, skrini inafifia na dirisha linamtokea: je, unaruhusu? Akibadilisha mpangilio fulani: je, unaruhusu? Ni kama mtoto aliyetumwa maji, akafika mlangoni akarudi kuuliza kama kweli ametumwa, akafika mtungini akarudi tena. Makusudio yake yalikuwa mema: katika XP kila programu iliingia na funguo zote za nyumba, mwizi na mgeni sawasawa. Lakini dawa ilitiwa kwa kipimo kibaya. Aprili 2008 meneja mmoja wa kampuni, David Cross, alieleza mbele ya mkutano wa usalama wa kompyuta, San Francisco, kwamba maswali hayo yaliwekwa ili yawaudhi watumiaji, nao watumiaji wawashinikize waandishi wa programu wazirekebishe programu zao. Yaani mnunuzi alifanywa fimbo ya kumchapia mtu wa tatu, tena fimbo yenyewe ikalipishwa. Na matokeo? Watu walijifunza kubofya ndiyo bila ya kusoma. Idhini inayotolewa mara hamsini kwa siku haina thamani ya idhini, kama vile salamu inayotolewa na kasuku haina thamani ya salamu.

Msomaji wa Kiswahili alikuwa na lake la ziada hapo. Katika miaka hiyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuanza kubisha hodi katika mashine hizi: mwaka 2004 Microsoft ilitangaza kuwa itatafsiri programu zake, na Desemba ya mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Lakini vifurushi vya lugha vya Windows vilikuwa kanga iliyovikwa juu ya gauni la Kiingereza: vilifunika panapoonekana mara kwa mara, na pasipoonekana sana, khasa kwenye maonyo na makosa, palibaki vile vile. Mtu akaulizwa aruhusu au asiruhusu kwa lugha ambayo pengine hakuisoma, kuhusu jambo ambalo hakueleweshwa. Kwa sheria ya mahakama yoyote yenye kadhi mwadilifu, ndiyo ya namna hiyo haimfungi aliyeisema.

Jambo jingine ni dogo, na wataalamu wa mashine watacheka likitajwa, lakini jarida la ushairi lina haki ya kushughulika na viwakilishi na vimilikishi. Katika XP palikuwa na alama iliyosema Kompyuta Yangu, na folda iliyosema Nyaraka Zangu. Katika Vista ikawa Kompyuta, na Nyaraka, basi. Kuanzia toleo la 8.1, la mwaka 2013, ikawa Kompyuta Hii. Yangu, kisha kimya, kisha hii. Huenda aliyefuta neno alitaka tu kufupisha maandishi. Lakini mshairi anajua kuwa silabi haziondoki mstarini bila ya kuondoka na kitu, na mabadiliko haya yalilingana mno na mwenendo wenyewe. Agosti 2007, kwa mfano, mitambo ya kampuni inayohakiki uhalali wa nakala iliteleza kwa saa kumi na tisa hivi, na maelfu ya watu waliokuwa wamelipa fedha zao wakaambiwa nakala zao ni za wizi. Wenye Vista wakazimiwa madirisha ya kioo. Hawakuvunjiwa mlango. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mwingine siku zote, nao hawakujua. Leseni ilikuwa imekwisha kusema, kwa herufi ndogo, kwamba programu haikuuzwa bali imekodishwa.

Watetezi wa Vista wana hoja moja wanayoipenda kuliko zote, nayo yapasa ijibiwe kwa utulivu. Mnamo Julai 2008 kampuni iliwakusanya watu huko San Francisco waliosema kuwa wanaidharau Vista ilhali hawajaitumia. Wakaonyeshwa mfumo mpya wa siri, ulioitwa Mojave. Wakaupenda, wakausifu, macho yakawatoka. Ndipo wakaambiwa kuwa walichokiona ni Vista ile ile. Filamu za mshangao wao zikageuzwa matangazo. Hoja ikawa: mnaona, ni chuki ya jina tu.

Wapenzi wa ushairi ndio watu wanaofaa kulijibu jaribio hilo, maana wao wamekwisha kuonja udanganyifu wa aina hiyo mara nyingi. Mghani mwenye sauti tamu akilichukua shairi bovu, lenye vina vya kulazimishwa na maana iliyopinda, akalighani mbele ya hadhara usiku wa harusi, hadhara itatikisa vichwa. Shairi halijapona kwa hilo. Lichukuliwe nyumbani, lisomwe kwa utulivu asubuhi, mizani ihesabiwe, ndipo itajulikana. Wale wa San Francisco walioneshwa mfumo uliopandishwa na wataalamu kwenye kompyuta mpya iliyochaguliwa, ukaendeshwa na mtu aliyefunzwa kuuonyesha, kwa dakika chache. Hawakuupandisha wenyewe kwenye mashine yao ya miaka mitatu. Hawakuunganisha printa yao. Hawakunakili picha za arusi ya binti yao. Hawakulipa. Walisikilizishwa mghani, wakaulizwa juu ya shairi.

Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Steve Ballmer, mkuu wa kampuni, alikuwa amesema kuwa Vista ni kazi ambayo bado inaendelea. Kauli ya kweli. Ila diwani ambayo bado inaendelea haipelekwi dukani kwa bei kamili. Hupitishwa kwa wasomaji wa kwanza, nao hushukuriwa.

Waliokuwa wakiishi na mashine zao walijibu kwa njia waliyoiweza. Aprili 2007, miezi mitatu tu baada ya Vista kutoka, kampuni ya Dell ililazimika kurudisha XP kama chaguo kwa wanunuzi wake wa nyumbani, kwa sababu waliidai. Jarida la InfoWorld lilikusanya sahihi za kuomba XP iendelee kuuzwa, na zikapita 200,000. Haikusaidia sana: tarehe 30 Juni 2008 XP iliondolewa katika mauzo ya kawaida, ikaachiwa mlango mdogo wa kompyuta ndogo za bei nafuu ambazo Vista haikuweza kuziingia kwa unene wake.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo wapenda mabadiliko hawaitaki. Wasomaji wa mashairi wanakumbuka vita vya miaka ya sabini, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akaandika bila ya vina wala mizani. Waliolelewa na sheria alizozikusanya Kaluta Amri Abedi tangu 1954 walipiga kelele, nao wakaambiwa maneno haya haya: mnaogopa kipya. Labda baadhi yao waliogopa. Lakini hakuna aliyekuja usiku akawanyang'anya diwani ya Muyaka kabatini. Hakuna aliyetangaza kuwa ifikapo tarehe fulani tarbia haitatungwa tena wala haitakarabatiwa. Mashairi huru yalikaa rafu moja na ya mapokeo, kila msomaji akanyoosha mkono alikotaka, na baada ya miaka hamsini fani zote mbili zina watu wake. Hivyo ndivyo kipya kinavyoingia kwa heshima. Kipya kinachofunga duka la kikongwe ili kipate wateja kimekwisha kujitolea ushahidi.

Wapo watakaosema: mbona Windows 7, iliyotoka Oktoba 2009, ilipendwa, nayo kwa ndani ni Vista iliyosafishwa? Ni kweli. Msingi ni ule ule, na namna ya kusemezana na vifaa ni ile ile. Lakini hoja hiyo inawaangukia wenyewe. Maswali ya idhini yalipunguzwa kwa sababu watu waliyalalamikia. Uzito ulipunguzwa kwa sababu watu waliulalamikia. Draiva zilikuwa zimekwisha kuandikwa, maana wenye vifaa walisumbuliwa miaka miwili. Wanung'unikaji walifanya kazi ya mhariri, bila ya malipo, tena baada ya wao kuulipia mswada. Kisha kitabu kilipotoka kizuri, wakaambiwa kuwa walikuwa wakikisema vibaya bure.

Na toleo la Starter lisisahauliwe, lile lililotengwa kwa ajili ya nchi zilizohesabiwa masikini. Katika Vista ya aina hiyo mtu hakuweza kufungua programu zaidi ya tatu kwa pamoja. Tatu! Mtafsiri anayefanya kazi yake anahitaji matini asilia mbele yake, tafsiri anayoiandika, kamusi, na barua ya mwandishi anayemuuliza maana. Hiyo ni minne kabla hajafungua kikokotoo cha kujua atalipwa nini. Mashine iliweza kuifungua hiyo ya nne. Ilikatazwa. Windows 7 nayo ilipangiwa kikomo hicho hicho katika toleo lake la Starter, na mwaka 2009 kikaondolewa kabla haijatoka, baada ya kelele. Kelele zile zile za watu waogopao kipya.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikishwa mwisho wa huduma zake za kawaida. Inayofuata, Windows 11, ya Oktoba 2021, haikubali mashine isiyo na kipuri maalumu cha usalama wala prosesa iliyo nje ya orodha ya kampuni, hivyo kompyuta nzima kabisa iliyouzwa mwaka 2016 imebaki nje ya mlango. Watafiti wa soko wa Canalys walikadiria mwishoni mwa 2023 kuwa kompyuta milioni 240 huenda zikawa takataka kwa sababu hiyo. Mwenye mashine ya namna hiyo aliambiwa anaweza kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 2026, kwa dola 30, au kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe katika akaunti yake kwenye hazina ya kampuni, au kwa pointi za zawadi za kampuni hiyo hiyo. Vyama vya watumiaji vya Ulaya vikaandika kupinga, vikataja sheria, na Septemba 2025 kampuni ikakubali kwamba wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wapewe mwaka huo bila ya malipo na bila ya masharti hayo mawili. Wakazi wa kwingineko masharti yao yakabaki kama yalivyo.

Kompyuta zinazostaafishwa katika maofisi ya Ulaya ndizo zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kama zilizotumika, zikapanguswa, zikapangwa vibarazani. Mwanafunzi anayekuja kununua huambiwa kuwa hiyo haipandi kumi na moja, lakini inafanya kazi vizuri tu. Na yote mawili ni kweli.